Maji ya Kijani Kwenye Rejeta

Ati kuna mtoto amekunywa maji ya rejeta, amekufa.

Neno hilo lililetwa na jirani, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alisimama mlangoni kwa Mama na beseni la nguo ubavuni, hata hodi yenyewe hakuimaliza.

"Mwenzangu, umesikia? Mtoto wa mtaa wa nyuma. Kaona maji ya kijani kwenye kopo, matamu kama sharubati, kayabugia yote. Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo hivyo."

Mama akauliza mtoto wa nani, nyumba ipi, siku gani. Redio hakujua, alikuwa anakimbilia kamba ya kuanikia. Kesho yake watoto walikuwa wamefika wawili. Keshokutwa mmojawapo alikuwa amepofuka kwanza. Mama aliuliza bombani, akauliza dukani, kila mtu alikuwa ameambiwa na mwenzake na hakuna aliyejua kaburi lilipo. Mtu mwingine angeliacha hapohapo. Yeye lilimganda kama maranda ya mbao kwenye sweta. Akipepeta nafaka analo, akisali analo.

Tena maji yenyewe hayakuwa mbali. Yalikuwa hatua kumi kutoka mlango wa jiko lake. Uani palikuwa na karakana ya mbao ya mwanawe, Seremala: banda la mabati, meza ndefu yenye msumeno wa duara, na nyuma ya meza injini ya dizeli iliyozungusha msumeno kwa mkanda. Injini hiyo ndiyo iliyowalisha wote, Mama, Seremala na mkewe, na mjukuu wa miaka miwili ambaye kila alichokiokota alikipeleka mdomoni kwanza, macho yalifuata baadaye.

Na ilikuwa inamlisha mtu wa tano, mdogo wake Mama, tumbo moja. Watu walimwita Mjomba Spana. Mkewe alifariki zamani, mtoto hakujaliwa, akawa anakaa chumba cha pembeni mwa karakana na injini ndiyo iliyokuwa familia yake. Injini ilinunuliwa ikiwa chakavu, imekufa kabisa, yeye ndiye aliyeifufua. Wateja waliokuja kupasua mbao walikuwa wanamsalimia yeye kwanza, Seremala baadaye, na Seremala hakuona vibaya.

Basi Mama akamfuata mdogo wake akiwa amelala chali chini ya injini.

"Mdogo wangu, hayo maji ya kijani ni sumu?"

"Ni sumu, Dada. Hilo halina ubishi." Sauti ilitoka chini. "Ndiyo maana dumu nimeliweka juu ya rafu."

"Na mtoto akipanda rafu?"

"Ana miaka miwili, Dada, si tumbili."

"Si utie maji tu? Maji ni maji."

Mjomba akatoka chini, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alipenda sana kuulizwa mambo ya injini. Akamweleza kwamba ndani mle kuna laina, yaani bomba nene la chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, ambamo pistoni inapanda na kushuka. Kwa ndani kuna moto, kwa nje limezungukwa na maji ya rejeta.

"Sasa pistoni haipandi kimya kimya. Inaigonga laina ubavuni, mara mamia kwa dakika. Laina inatetemeka kama ngozi ya ngoma. Ikirudi nyuma ghafla, maji hayawahi kuifuata. Pale katikati panazaliwa viputo, vidogo kama kichwa cha sindano. Maji yakirudi, vinapasuka. Kila kinachopasuka kinakichoma chuma. Siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, chuma kinaliwa mpaka kinatoboka."

"Povu linatoboa chuma?"

"Povu."

"Mimi nimefua nguo miaka arobaini. Povu lingekuwa linatoboa chuma, leo nisingekuwa na beseni hata moja."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, kwa upole, kama anamfundisha mtoto, kwamba dawa ile ya kijani inakivika chuma ngozi nyembamba, jicho halioni. Kiputo kikiichana, dawa inaishona tena. Maji matupu hayajui kushona.

"Lakini wewe si uliipaka koti?" Mama alikumbuka. Alimwona siku ile akiifufua: laina ilikuwa na vishimo ubavu mmoja, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mjomba aliukwangua ubavu ule mpaka chuma kikang'aa, akaukausha juani, akaupaka koti la rangi ngumu la kuchanganya makopo mawili. Kisha akairudisha laina akiwa ameizungusha robo, ili ubavu wa vishimo ukae pembeni, pasipogongwa sana.

"Nilipaka palipoumwa tu. Pale panapogongwa sasa ni chuma kitupu, na sikupaka makusudi. Rangi ukiiweka kwenye kipigo, viputo vinatafuta tundu moja dogo, vinaingia chini yake, vinaibandua kama gaga la kidonda. Pale panalindwa na dawa. Kwa hiyo dawa isikosekane, Dada."

Alimwambia hivyo, kwa mdomo wake. Mama aliitikia, akaenda jikoni, akamkuta mjukuu anatafuna kifuniko cha chupa.

Siku ya pili yake Seremala na Mjomba waliondoka na lori kwenda kupakia magogo. Injini ilikuwa imepoa. Mama akafunga mlango wa uani, akafungua koki ya chini ya rejeta, akakinga ndoo, akaenda kumwaga yote chooni. Akajaza maji safi, yale ya kunywa, aliyoyachuja kwa kitambaa. Akalishusha dumu la rafuni, nalo akalimwaga, akalisuuza mara tatu.

Ndipo akakumbuka Jumamosi. Kila Jumamosi Mjomba alifungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole, akatazama. Angekuta maji meupe angerudisha sumu yake.

Mama alikuwa anafuma vitambaa vya meza, na nyuzi alizitia rangi mwenyewe. Akaenda kabatini, akatoa kopo la kijani, akatia kwenye rejeta kiasi cha ncha ya kidole. Akakoroga kwa kijiti. Akatia na kwenye dumu, akalijaza maji, akalirudisha pale pale, mdomo umeelekea ukutani kama alivyolikuta.

Usiku ule alilala kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Jumamosi Mjomba akafungua kifuniko, akachovya, akainua kidole juani. "Kijani safi," akasema, na maji yalikuwa yamepungua kidogo, akaongeza kutoka kwenye dumu. Mama alikuwa anamtazama kupitia dirisha la jiko. Akajichekea. Hakuona kosa lolote. Aliona amemwokoa mtoto na hajamuudhi mtu.

Ilikwenda hivyo miezi tisa. Kila Jumamosi Mjomba alichovya kidole, na maji ya rangi aliyaongeza kwa mkono wake mwenyewe.

Balaa lilikuja kutokea asubuhi, tena siku ya watu wengi. Kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule aliyekuja kuangalia madawati yake, na wateja wawili na mbao zao. Seremala akawasha injini. Ikaguna mara moja, ikagoma. Akalazimisha tena. Kukatoka mlio mmoja mzito ndani, ule ambao hata asiyejua injini anajua kwamba kitu hakitarudi.

Walipofungua juu, waliikuta pistoni imekaa chini ya maji. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Mkono wa pistoni ulikuwa umepinda kama kijiko. Mjomba akaichomoa laina, akaisimamisha juani, na jua likaonekana upande wa pili kupitia vitundu, vitatu, vinne.

Seremala alikuwa ameahidi madawati kwa mwisho wa mwezi. Uso ulimbadilika.

"Mjomba, hii si ndiyo ile uliyoipaka?"

"Ndiyo hii."

"Ulipaka mashimo. Ukaniambia imepona."

"Niliizungusha, mwanangu, kisha..."

"Ulipaka rangi juu ya kidonda! Wewe ni fundi injini au mpaka rangi za kucha?"

Wateja walicheka. Hata mwalimu mkuu alitabasamu chini chini, akatazama viatu vyake. Mjomba aliishika ile laina kifuani, na hakuna aliyemwambia aigeuze, na yeye mwenyewe hakuigeuza, kutazama vitundu viko ubavu upi. Alilolifanya ni kwenda kwenye beseni walilokingia maji ya rejeta. Akachovya kidole. Akakiinua.

"Dawa ilikuwepo," akasema, kwa sauti ya mtu anayejihesabia. "Kama dawa ilikuwepo, basi ni mimi."

Mama alikuwa mlangoni na ufagio. Alijua ile si dawa. Akasema moyoni, waache wapoe kwanza. Jioni akasema, mbele ya mkwe siwezi. Kesho yake akasema, kesho. Mwanawe alikuwa mkali siku zile, vyombo vilikuwa vinawekwa mezani kwa kishindo, na yeye aliogopa. Ndiyo ukweli, aliogopa. Akilini mwake alijitengenezea na sababu nyingine: pengine povu halitoboi chuma kweli, pengine koti lilibanduka, nani ajuaye.

Mjomba hakungoja afukuzwe. Alifunga nguo zake kwenye mfuko mmoja. Spana zake, zile ambazo hakuwa akimwazima hata Seremala, alizibeba kwenye sanduku hadi gereji ya barabarani akawagawia vijana, hii yako, hii yako, kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Mtaani walikuwa wameshambadilisha jina. Walimwita Mjomba Kucha. Alipanda basi akaenda kwa dada yao mkubwa, safari ya nusu siku. Alipomuaga Mama alisema, "Nisamehe, Dada, nimewatia hasara." Mama akajibu, "Safari njema."

Safari njema! Neno hilo hadi leo analisikia likitoka kinywani mwake.

Wiki chache baadaye alimkuta Redio bombani, akamuuliza kama alikuja kujua yule mtoto alikuwa wa nani.

"Mtoto gani?" Redio akasema.

"Wa maji ya rejeta. Aliyekufa."

"Kuna mtoto amekufa?" Redio alitua ndoo, macho yamemtoka, tayari kupokea habari mpya. "Lini, mwenzangu?"

Mama alibeba maji yake akaenda zake. Njiani ilibidi akae juu ya jiwe.

Ilipita miezi mitatu kabla Seremala hajapata laina mpya na mkono mpya wa pistoni. Alimleta fundi mwingine, kijana mwenye maneno mengi, akafunga kila kitu. Fundi akaosha mikono akaondoka, akasema kilichobaki ni rejeta tu. Seremala akanyoosha mkono juu ya rafu.

"Angalau dawa alituachia," akasema, akafungua dumu.

Mama alikuwa anakunja nguo pale pale uani. Aliona dumu limeinama. Aliiona ile laina mpya, inayong'aa, aliyoiona inashushwa asubuhi ile kama mtoto anayewekwa kitandani, akajua itakwenda njia ile ile, na atalaumiwa mwingine.

"Usitie hayo."

"Kwa nini?"

"Si dawa. Ni maji na rangi yangu ya nyuzi."

Seremala hakuelewa. Ilibidi aseme yote, kuanzia beseni la Redio hadi ncha ya kidole, na alivyozidi kusema ndivyo ilivyozidi kusikika kama hadithi ya mwendawazimu. Mwanawe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa juu ya gogo, dumu mapajani.

"Mama, nilimwambia mbele ya watu."

"Nilikuwepo."

"Mbele ya watu, Mama. Walimcheka."

"Nilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa na ufagio."

Kesho yake walipanda basi wote wawili. Laina ya zamani walikuwa wameikuta nyuma ya jiko la nyumbani, mke wa Seremala ameiwekea chungu cha maua juu yake. Waliifunga kwenye gunia. Seremala alisema Mjomba hataamini mpaka aone; ukweli ni kwamba hakujua aende mikono mitupu afanye nini.

Walimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya dada yao mkubwa, anachambua mboga. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa misafi, kucha nyeupe, na hilo ndilo lililomchoma Mama kuliko yote, maana hajawahi kuiona mikono ile misafi tangu utoto wao.

Mama alisema yote hapohapo, kabla ya maji ya kunywa, kabla ya kukaribishwa kiti. Mjomba alisikiliza huku anaendelea kuchambua. Dada yake alipomaliza, Mjomba akaomba gunia.

Akaitoa laina, akaipakata. Akapitisha kidole gumba taratibu, kama kipofu anayesoma uso wa mtu.

"Njoo hapa," akamwambia Seremala. "Gusa. Hili ndilo koti langu."

Lilikuwa laini, kijivu, limeshika kila pembe. Hakuna hata kiasi cha ukucha kilichobanduka.

"Sasa gusa hapa." Akaizungusha robo. Hapo vitundu vilikuwa vimejipanga kutoka juu hadi chini, mstari mmoja, kama vimeshonwa kwa cherehani isiyo na uzi. "Hapa sikupaka. Hapa palikuwa pa dawa."

Kisha akasema tena, si kwao, kwake mwenyewe: "Koti langu halikutoka."

Seremala alipiga magoti. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, alipiga magoti kwenye vumbi. "Mjomba, nisamehe. Twende nyumbani. Chumba chako kipo."

"Nimekusamehe. Inuka, unaharibu suruali." Akamtazama dada yake. "Rangi ulitia kiasi gani?"

"Ncha ya kidole."

"Aisee." Alitikisa kichwa, na kidogo alitaka kucheka, kicheko hakikufika. "Dada, ungeniambia siku ile ile injini ilipokufa, ningegombana na wewe. Ningekuita majina ambayo marehemu mama angenizaba kofi. Jioni tungekula pamoja, na Jumatatu ningeanza kutafuta laina nyingine."

"Njoo basi, mdogo wangu. Anza sasa."

"Siwezi." Alizitazama zile mboga. "Juzi jirani aliniletea pampu ndogo ya maji, kaambiwa mimi fundi. Nikaifungua. Tatizo nililiona, nilikuwa nalitazama kabisa. Lakini nikajiuliza, je, kama macho yangu yananidanganya tena? Nikaikagua mara tano, nikashindwa kukaza hata nati moja. Nikairudisha, nikamwambia mimi pampu sizijui. Miezi mitatu nimekaa hapa nikijiambia kwamba mikono hii imewatapeli watu. Imeshasikia, Dada. Imeamini."

Mama alitaka kuishika mikono ile. Mjomba alikuwa ameshairudisha kwenye mboga.

Waliondoka na basi la saa nane. Laina aliomba abaki nayo. Akamwambia Seremala dawa ya aina gani anunue na aichanganye vipi, mara mbili mbili ili asisahau, lakini alipoombwa aandike alisema hapana, aandike mwenyewe.

Seremala sasa ana injini inayofanya kazi. Madawati yalichelewa, yakafika. Kila mteja anayeingia anaambiwa habari ya Mjomba na Seremala mwenyewe, yule yule aliyemtukana mbele ya watu, lakini jina la Kucha halijafutika mtaani. Watoto wasiojua hata lilikotoka bado wanalitamka. Mama anapiga simu kila Jumapili. Mjomba anapokea, anauliza hali ya mjukuu, hali ya kuku, hali ya mvua. Injini haiulizi.

Mama akatafuta ubao mmoja uliobaki wa madawati, akauandika kwa rangi nyeupe, mkono wake mwenyewe, akaugongomea mlangoni mwa karakana ili mwenye macho asome:

Usitie maji matupu kwenye rejeta ya dizeli, hata yawe masafi ya kunywa.

Usitie rangi ya aina yoyote.

Usiweke dawa ya kijani kwenye kopo wala chupa ya soda. Ni sumu kweli. Ifungie kwa kufuli, ufunguo ushike mtu mzima.

Usifungue rejeta ikiwa ya moto.

Usipake koti juu ya kutu wala chuma chenye unyevu.

Usiamini koti peke yake mahali panapogongwa.

Usiamini kijani kwa macho. Nunua kipimo cha kupimia dawa.

Usilazimishe injini iliyogoma.

Usimlaumu fundi kabla hujatazama tundu liko ubavu gani.

Usibebe habari ya mtoto aliyekufa kama hujui nyumba yao.

Usiguse kazi ya mwenzako kwa siri, hata kwa wema.

Ukiwa umeshagusa, usingoje wapoe.